Ukoo Hautoi Advansi

Jamani, kama una kamera na una ndugu, kimoja kifiche. Mimi vyote viwili vinajulikana mtaa mzima.

Kazi yangu hapa Mwanza ni kupiga picha. Harusi, sendofu, kipaimara, mpaka pasipoti saizi. Na wateja wananiheshimu! Bwana harusi ana kitambi, nikimwambia "vuta tumbo ndani" anavuta mpaka macho yanamtoka, na hapumui hadi nimruhusu. Bibi harusi nikimwambia "kidevu chini," kidevu kinashuka. Kwa nini? Wametoa advansi. Mtu aliyetoa hela yake atapozi hata kwenye mtumbwi unaovuja.

Sasa njoo kwa watu wangu. Mama watoto kanisema weee, kwamba ukutani kwetu kuna kalenda tu, wakati kwa watu baki kazi yangu imewekwa kwenye fremu. Eti kinyozi hajinyoi. Methali yenyewe ina mwisho wake: akijinyoa hujikata. Hicho kipande cha pili hajawahi kukisikia.

Basi ikapangwa Jumapili, ufukweni, karibu na Jiwe la Bismarck. Nikasema saa kumi na mbili kasoro jioni tuwe tumeshasimama, maana huku karibu na ikweta jua haliagi mtu, linadondoka tu ng'ambo ya ziwa na mwanga umeisha. Ule mwanga laini ukiinama kufunga kamba za viatu umekupita. Wakakataa. Saa saba mchana, kwa sababu pilau linaiva saa tisa. Saa saba Mwanza! Jua liko utosini, macho ya kila mtu ni mashimo meusi, na kivuli cha pua kimeshuka mdomoni kama masharubu, hata kwa mama mdogo. Nikaeleza taratibu, kitaalamu. Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwani si unabonyeza tu?"

Nabonyeza tu. Haya.

Bibi alipoliona jiwe akagoma kushuka kwenye bajaji. "Mjukuu wangu, kwetu Mabatini jiwe liko uani, jiwe liko nyuma ya choo, jiwe limeziba dirisha. Nimevaa kitenge kipya nije kupigwa picha na jiwe lingine?" Nikamwambia hili ni maarufu, lina jina la kansela wa Ujerumani. "Basi ukoo wake waje wapige nalo wao." Akaongeza ya Kisukuma, ambayo hapa siyaandiki.

Mama mdogo naye ananivuta pembeni: "Unitoe mweupe kidogo, na huku ubavuni upunguze." Mteja ningemtajia bei ya kuhariri, akalipa au akaridhika na ubavu wake. Mama mdogo utamtajia bei gani, mtu aliyekubeba mgongoni?

Watoto ndiyo usiseme. Wa kwanza anaangalia simu, wa pili kafumba, wa mwisho analia kwa sababu korongo kamsogelea, yale makorongo yenye kipara yanayozurura kutafuta mabaki ya samaki. Ila nikiri, siku ile nzima aliyesimama vizuri ni korongo. Hakufumba, hakuuliza pilau, na bega lake lilikuwa upande ninaoutaka.

Halafu wakaja na hili: "Na wewe uwemo." Niwemo, kamera ashike nani? Shemeji kajitolea. Huyu shemeji picha zake zote zina kidole chake kwenye kona, na lenzi yangu bado nina deni nayo. Nikaweka stendi juu ya mwamba, mguu mmoja juu mmoja chini, nikaseti sekunde 10, nikakimbia. Wote badala ya kuangalia kamera wananiangalia mimi. "Baba anakimbia!" Rudia. "Baba ameteleza!" Rudia. Kwenye picha hizo wao wanacheka vizuri kabisa, meno yote nje, na mimi nimetoka kisogo, au mgongo, au kiatu.

Kwa hiyo iliyochaguliwa ni ile ambayo simo. Korongo yumo.

Mama watoto akaituma kwao Sengerema. Mama mkwe akajibu kwa sauti, ujumbe mrefu: "Picha nzuri mwanangu, huyo mpigapicha ni fundi hasa. Ila mumeo mbona simwoni? Mna ugomvi?" Mke wangu akacheka badala ya kujibu, akaenda kuosha vyombo. Kule kimya chake wakakihesabu kuwa ndiyo, kuna ugomvi.

Sasa Jumamosi wajomba wanakuja kusuluhisha ndoa yangu. Wanapita kwenye lile daraja jipya la Kigongo–Busisi, ambalo hawajawahi kuliona, na wameagiza niwasubiri palepale darajani na kamera. Saa saba mchana.