Mwembe Usihukumiwe kwa Uzee Wake

Mvua za kwanza Tabora huja na upepo. Tawi moja likidondoka barabarani, kesho yake utasikia watu wanasema miembe imezeeka, ikatwe yote. Mimi sikubali. Miembe ya mji huu ni urithi wa misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa kwenda Ujiji, na jua la Oktoba tunajikinga nalo chini yake.

Sisemi mti hauui. Unaua. Lakini kabla ya kuuangusha tujiulize mawili: utaanguka kweli? Na ukianguka, chini yake kuna nani? Mwembe mbovu ulio peke yake uwanjani hauna haraka. Ukiwa juu ya kijiwe cha bodaboda, hilo ni jambo jingine, ingawa mara nyingi kuhamisha kijiwe kunatosha.

Ukaguzi unaanzia chini. Uyoga mgumu kama sahani uliong'ang'ania shina karibu na ardhi ni dalili kwamba ndani kunaoza. Mti ukiinama, na udongo wa upande wa pili umepasuka na kuinuka, mizizi inaachia, huo usisubiriwe. Kisha tazama panda: pale gome lilipobanwa kati ya matawi mawili mazito ndipo mti hupasukia. Gonga shina kwa nyundo ya mbao usikilize: likilia kama ngoma, ndani kuna uwazi. Ila uwazi ndani peke yake hautoshi kuuhukumu mti. Wakaguzi wengi hufuata kipimo cha mtafiti Mjerumani Claus Mattheck: wasiwasi huanza pale unene wa mbao nzima iliyobaki unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya nusukipenyo cha shina.

Kinachoniuma ni mitaro. Tunachimba mtaro ubavuni mwa mwembe, tunakata mizizi minene, halafu ukilala tunasingizia uzee. Au tunafyeka kilele chote, yanaota machipukizi yaliyoshikilia juu juu tu, nayo yakinenepa ndiyo yanayovunjika.

Na anayekagua asiwe anayekata, wala asiwe na fungu kwenye kuni. Mwembe mkubwa ni magunia ya mkaa, tusifichane. Kule Sheffield, Uingereza, maelfu ya miti ya mitaani ilikatwa chini ya mkataba wa barabara, mingi ikiwa mizima, hadi wakazi wakasimama chini yake kuizuia. Ripoti ya uchunguzi ya 2023 iliikosoa vikali halmashauri ya jiji hilo.

Hapa kwetu ukaguzi ufanyike Septemba, kabla ya mvua. Kila mti unaotakiwa kukatwa ubandikwe karatasi inayotaja kasoro iliyoonekana, na kwa nini kupunguza matawi hakutoshi. Wakazi wa mtaa wapewe muda wa kuisoma na kupinga kabla msumeno haujawashwa.