Histoni za ndama, kuku na silikanti: tunalinganisha nini hasa?

Juzi barazani kwetu Ngamiani, kahawa ya pili ishamiminwa na kashata zimebaki vipande, mwalimu mmoja wa baiolojia akatutupia hoja kwamba silikanti wetu wa Tanga, yule samaki aliyetengewa hifadhi ya bahari mwaka 2009, hajabadilika tangu enzi za kale, na anaetaka kuthibitisha achukue histoni zake alinganishe na za samaki wengine, tofauti zikiwa ndogo basi kesi imekwisha. Kijana mmoja anaesomea mambo ya maabara akamkatalia palepale, "Mwalimu, samahani, hapo utamaliza kemikali bure, histoni ni zilezile kila kiumbe." Mi siku ile nilinyamaza nikanywa kahawa yangu. Nimelifikiria tangu hapo na naona kila mmoja kashika upande wake wa ukweli halafu kauvuta kupita kiasi.

Kwa asiyezijua, histoni ni protini ambazo DNA inajizungusha juu yake. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita mbili, na yote inakaa ndani ya kiini ambacho macho matupu hayakioni. Sisi watu wa mkonge tunajua kamba ndefu usipoiviringa itakufunga mwenyewe. Basi DNA nayo inazungushwa karibu mara mbili kwenye kila kibiringo, na kibiringo ni histoni nane, yaani H2A, H2B, H3 na H4, kila moja mbili mbili. Histoni ya tano, H1, yenyewe haimo ndani, inakaa nje pale kamba inapoingia na kutoka, kama kibanio.

Sasa kijana ana nguvu kubwa kwenye H4. Miaka ya mwisho ya 1960 wanasayansi waliisoma H4 ya tezi ya thaimasi ya ndama, asidi amino (vipande vinavyounda protini) moja baada ya nyingine, wakailinganisha na ya mmea wa njegere. Kati ya asidi amino 102 zilizotofautiana ni 2 tu. Ndama na njegere jamani! Mababu zao waliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita na kibiringo kimebaki kilekile, kwa sababu karibu kila sehemu ya H4 inagusa kitu, ama DNA ama histoni mwenzake, ukibadilisha kidogo tu mambo yanaharibika na kiumbe mwenyewe haponi kuleta watoto.

Na hapo ndipo hoja ya mwalimu inapozama. Kama ndama na njegere wanafanana hivo, basi H4 ya silikanti kufanana na ya changu haikuambii chochote kuhusu silikanti, ni saa ambayo mshale wake hautembei, huwezi kupimia nani kachelewa. Wale waliochapisha jenomu ya silikanti, yaani DNA yake yote, mwaka 2013 waliangalia jeni nyingi kwa pamoja ndo wakasema jeni zake za protini zinabadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu wenye uti wa mgongo. Polepole, si kwamba zimesimama, na watu wengi hili neno wanalimeza.

Lakini kijana nae asishangilie. Chinja kuku, weka tone la damu kwenye kioo, litandaze jembamba, litie rangi, angalia kwa hadubini. Mi niliiona shuleni, na ilinikaa kichwani kuliko masomo yote ya mwaka ule: chembe nyekundu za kuku zina umbo la yai na katikati kuna kiini cheusi kama mbegu, wakati za kwetu ni vidonge vitupu, hazina kiini kabisa zikishakomaa. Ndo maana Albrecht Kossel alipozigundua histoni mwaka 1884 alitumia damu ya bata bukini, damu ya ndege ni mali, viini tele. Na ndani ya viini hivo, kadiri chembe inavyokomaa, H1 inapisha kwa kiasi kikubwa histoni nyingine iitwayo H5, inabana DNA sawasawa na jeni karibu zote zinazimwa. Ini la kuku huyohuyo halifanyi hivo. Mnyama mmoja, tishu mbili, kibanio tofauti.

Mbegu za kiume ndo balaa zaidi. Salmoni anaziondoa histoni karibu zote anaweka protamini, protini ndogo zilizojaa asidi amino iitwayo arginini. Binadamu anabakiza kiasi kidogo cha histoni. Samaki mwingine, zebrafish, hana habari ya protamini, mbegu zake zinabaki na histoni. Kwahiyo hata neno "samaki" hapo halitoshi.

Kuhusu tishu kwa tishu, mwaka 1950 Edgar na Ellen Stedman wa Edinburgh walisema histoni zinatofautiana kati ya aina za seli na pengine ndizo zinazozima jeni. Wazo zuri, ila vipimo vya zama zile vilikuwa na shida, ukisaga ini vimeng'enya vyake vinaanza kukata protini kabla hujamaliza, ukija kupima unaona vipande unadhani ni histoni mpya. Sehemu ya tofauti zilizoripotiwa miaka ile ilikuwa uchafu wa namna hiyo. Hata hivyo Vincent Allfrey na wenzake mwaka 1964 wakaonyesha histoni zinabandikwa alama za kemikali zinazoendana na jeni kufanya kazi, na leo tunajua H3 yenyewe ina aina zake, kuna H3.3 inayotofautiana na H3.1 kwa asidi amino 5 tu, na seli za ubongo zisizogawanyika tena zinazidi kuikusanya umri ukisogea. Kwahiyo Stedman walikuwa na harufu sahihi, pua yao tu ndo ilikuwa na mafua.

Mimi ningemwambia mwalimu, ukimpata huyo silikanti H4 achana nayo. Chukua damu, maana chembe zake zina viini kama za kuku, tazama kibanio kilichomo, kisha uweke na ini lake pembeni. Shida ni kwamba akinaswa na jarife usiku, akaja kupandishwa asubuhi ameshakufa, halafu akalala juani watu wakimpiga picha mpaka adhuhuri, hiyo histoni utakayoisoma itakuwa imeshakatwa katwa, na tutarudi palepale kwa akina Stedman.