Kioo Kimeniponza Igogo

Kwa kuwa jamaa yangu wa Kirumba ameshatuma voisi kwenye magrupu matatu kwamba nilikuwa uchi, naanza na hilo. Sikuwa uchi. Nilikuwa na boksa, soksi na tai. Tena tai niliifunga vizuri. Haya, endeleeni.

Geto langu la Igogo, hapa Mwanza, mnalijua, kule juu ambako huelewi kama nyumba imekalia jiwe au jiwe limekalia nyumba. Futi 10 kwa 10. Wiki mbili zilizopita shemeji yenu alikuja na mdogo wake, tukakaa watatu kitandani tumebanana kama siti ya nyuma ya daladala. Mdogo mtu akatazama huku na huku, akauliza kwa heshima zote, "Shemeji, sebuleni ni wapi?"

Iliniuma, nyie.

Nikazama kwenye video za kufanya chumba kidogo kionekane kikubwa, nikaibuka profesa. Ukuta uliokuwa na rangi ya mafuta ya kijani mpaka kifuani nikaupiga nyeupe. Fimbo ya pazia nikaipandisha karibu na dari ili ukuta uonekane mrefu. Pazia zito nikalitupa, nikatundika neti. Kitanda nikakinyanyua kwa tofali mbili kila mguu. Masufuria, mtungi wa gesi, ndoo, viatu na feni mbovu, vyote vikaingia uvunguni. Balbu ya njano nikaitoa, nikaweka nyeupe ya wati 18.

Halafu kioo. Futi 5 kwenda juu! Dereva wa bodaboda alikitazama, akautazama mlima, akawasha pikipiki akaondoka bila kuaga. Tulikipandisha kwa miguu mimi na vijana wawili, na kila mtu tuliyepishana naye njiani alisimama kwanza kujichana.

Nikakiegemeza kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Hapa mnisifu kidogo kabla hamjanicheka. Ziwa lote liliingia ndani! Mitumbwi ikawa inapita juu ya mto wangu wa kulalia. Futi 10 zikawa kama 20. Nikatoka nje saa nane mchana kuhakiki kama naonekana, nikachungulia kwenye neti, sioni kitu. Nikarudi ndani nimeridhika, sijui kwamba fizikia ya sekondari imekaa pembeni inanisubiri. Mchana mwanga uko nje, neti inakuficha. Usiku ukiwasha taa, neti hiyohiyo inageuka kuwa runinga.

Sasa Jumanne. Jumamosi hii naenda kujitambulisha ukweni, Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 huwezi tena kuchelewa ukasingizia kivuko. Kwa hiyo saa moja na nusu usiku nilikuwa nafanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo. Suruali ya suti ilikuwa kwa fundi inapunguzwa. Nikasimama ubavuni mwa dirisha, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuniona hata akodoe vipi. Mtu hawezi. Kioo kinaweza.

Na kumbe siku hiyo maji yalikuwa yametoka. Mnaoishi milimani mnajua maji yakitoka inakuwaje: mtaa mzima uko bombani, na bomba letu liko hatua sita kutoka dirishani kwangu.

Nikakohoa. Nikainamisha kichwa. "Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba," ikasikika nje.

Nikajua watu wanasalimiana. Si kuna watu nje? Nikaendelea. Nikaweka mkono kifuani juu ya tai, nikasema mimi ni kijana wenu, natokea Mwanza mjini, nimelelewa vizuri, kazi ninayo. Niliposema "kazi ninayo" kuna mtu alikohoa. Nikapuuza.

Kitu kimoja ndicho kilipaswa kunishtua: kelele za maji kwenye ndoo zilikuwa zimekoma. Nilifikiri maji yamekatika. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba mama mwenye nyumba alifunga bomba ili wasikie vizuri.

Mimi nikapiga goti. Najua mambo ya mahari ni ya mshenga, msinifundishe, nilitaka tu niwe tayari wakinibana. Nikanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye kioo, boksa na soksi, nikasema kwa sauti nzito niliyoitoa tumboni, "Kuhusu ng'ombe, wazee wangu, nimejipanga kuleta wanane."

Kimya.

Halafu sauti ya bibi wa chumba cha pili, taratibu, bila haraka yoyote, "Ongeza wawili, ng'wanawane."

Ndipo nikainua macho. Kwenye kioo nilijiona mimi, nikaliona dirisha nyuma yangu, na nyuma ya neti, pale mwanga wa wati 18 ulipoishia, meno. Meno mengi. Na tochi moja ya simu imenielekea.

Mtu mwenye akili angezima taa. Mimi nikakumbuka uvungu. Nikajirusha, kichwa kikagonga mtungi wa gesi, mkono ukaingia kwenye sufuria la dagaa wa mchana, na hapo uvungu ukawa umejaa. Nusu yangu ilibaki nje, kioo kikaionyesha yote. Nikajisukuma tena, bega likapiga mguu wa kitanda, tofali zikateleza, kitanda kikanishukia kiunoni. Wakaja wanaume wanne kuninasua. Mmoja alipita kwanza kwenye kioo akajiweka kola sawa.

Sina mengi ya kuongeza. Tofali nimezirudisha kwa mwenyewe, pazia zito nimelitundika tena, chumba kimerudi kuwa kiberiti. Kioo bado kipo, kimegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyekosea. Asubuhi nikipita bombani naitikiwa marahaba kabla sijafungua mdomo.

Wakati naandika hapa, shemeji yenu kanitumia ujumbe. Klipu imefika Sengerema. Baba yake hajasema neno kuhusu boksa. Ameuliza tu kama wale wawili wa bibi na wao wamo.