Daftari kwanza, gwaride baadaye

Aliyekufa vitani hujengewa mnara, aliyeshinda huvishwa nishani. Mateka ndiye asiyejulikana awekwe wapi: hakufa, hakushinda, na hadi leo wapo wanaonong'ona kwamba angalipigana hadi risasi ya mwisho. Siku ya kumbukumbu ikifika hutajwa mwishoni mwa hotuba, wageni wakiwa wameshaanza kutazama saa.

Wengi husema dawa yake ni sherehe zaidi. Mimi nasema hapana. Heshima ya mateka huanzia kwa karani: jina lake liandikwe, nyumbani wajue kama yu hai, na stahili zake zisiliwe na mtu. Gwaride likitaka, lifuate baadaye.

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeanza, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi ya mateka mjini Geneva. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuumiza macho. Barua ya mama anayemtafuta mwanawe ikifika, jina la kijana lilinakiliwa kwenye kadi. Orodha ya mateka ikiletwa na nchi inayowashikilia, kila jina nalo lilipewa kadi yake. Zote zilipangwa kwa alfabeti masandukuni, na siku kadi ya swali ilipokutana na kadi ya jibu, barua ilitumwa nyumbani. Sasa hebu fikiria majina yaliyokosewa herufi moja tu, au vijana kadhaa wenye jina lilelile. Hadi vita vinakwisha kulikuwa na kadi takriban milioni 7, na wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake wa kujitolea. Kwangu mimi, masanduku yale yanawazidi masanamu wote wa majenerali juu ya farasi.

Baadaye mambo haya yakatiwa kwenye sheria. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka mateka apewe nafasi ya kuiandikia familia yake kadi ndani ya wiki moja tangu afike kambini, aeleze kwamba ametekwa, yuko wapi na afya yake ikoje. Kisha anaruhusiwa angalau barua 2 na kadi 4 kila mwezi. Ni vifungu vikavu ukivisoma, lakini waliovitunga walijua kwamba vita vinamfunga mtu mmoja kambini na nyumba nzima nje ya kambi.

Pale dola zinaposhindwa kuandika, mateka wenyewe hukariri. Douglas Hegdahl, baharia kijana wa Marekani, alianguka kutoka melini mwaka 1967, wakati wa Vita vya Vietnam, akaishia jela mjini Hanoi. Akajifanya zuzu hata walinzi wakampuuza. Kumbe alikuwa anajaza kichwa chake majina ya wenzake, akiyaimba kwa mahadhi ya wimbo wa watoto. Alipoachiliwa mwaka 1969 alitoka na majina zaidi ya 250, yakiwemo ya watu ambao kwao walihesabiwa tu kuwa wametoweka.

Miaka hiyohiyo wake wa mateka wa Kimarekani waliambiwa na serikali yao wanyamaze, eti kelele zitaharibu mambo. Sybil Stockdale, ambaye ndege ya mumewe ilidunguliwa mwaka 1965, alinyamaza kwa muda kisha akachoka kunyamaza, akaongoza familia nyingine kuunda umoja wao. Ile bendera nyeusi yenye kichwa kilichoinama mbele ya mnara wa mlinzi, inayopepea leo kwenye majengo ya serikali ya Marekani, ilitoka katika umoja huo. Aliyeipigania ni Mary Hoff, mke wa rubani aliyekuwa hajulikani alipo. Hakuna jenerali aliyeiomba.

Na kunyamazishwa bado ni afadhali. Amri namba 270 ya Stalin, kiongozi wa Usovieti, ya Agosti 1941, ilielekeza jamaa za makamanda waliojisalimisha wakamatwe, na jamaa za askari wa kawaida wanyimwe msaada wa dola. Wajerumani waliteka askari wa Kisovieti zaidi ya milioni 5. Kama milioni 3 walikufa mikononi mwao, wengi kwa njaa. Walionusurika walirudi kwao kuhojiwa kama watuhumiwa. Amri ya Yeltsin, rais wa Urusi, ya kuwarudishia haki zao ilitoka mwaka 1995, wengi wao wakiwa wameshazikwa.

Lakini kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Thiaroye, karibu na Dakar. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa walitekwa na Wajerumani mwaka 1940 wakiilinda nchi isiyo yao. Wakasota kambini miaka minne. Novemba 1944 zaidi ya elfu moja kati yao walirudishwa Senegal kwa meli, nao wakadai malimbikizo ya mishahara yao, madai ambayo mtumishi yeyote anayaelewa bila kufafanuliwa. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba jeshi lilelile walilolitumikia likawamiminia risasi. Taarifa rasmi ikataja vifo 35. Wapo wanahistoria wanaosema waliouawa ni mamia. Manusura 34 wakahukumiwa, wadai wakageuzwa waasi.

Ilichukua miaka 80 hadi rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alipoandika katika barua yake ya Novemba 2024 kwamba yale yalikuwa mauaji ya watu wengi kwa mpigo. Sibezi hatua hiyo. Ila ndugu wa wale askari hawakuwa wakisubiri sifa tu. Wanauliza waliouawa walikuwa wangapi, nani na nani, wamezikwa wapi, na zile fedha zilikwenda kwa nani. Yote hayo ni maswali ya karani. Majeshi huandika kila kitu: nani kapanda meli, nani kapewa buti, nani anadai nini. Kila karatasi iliyobaki kuhusu Thiaroye itolewe, iwe Paris au Dakar, na wajukuu wapewe nakala zao mkononi kabla ya kiongozi yeyote kupanda tena jukwaani kuweka shada la maua.