Utafiti wa Vyuo Vikuu vya Umma: Faida Ipo, Lakini Inamfikia Nani?

Bajeti ya serikali inapobana, fungu la utafiti wa vyuo vikuu vya umma huwa miongoni mwa yale yanayotiliwa shaka mapema, kwa sababu ni vigumu kumwonyesha mlipakodi alichokinunua. Hospitali anaiona na barabara anaipita, ilhali mtafiti anayechunguza bakteria wa chemchemi za maji moto huonekana kama mtu anayejifurahisha kwa fedha za wengine.

Bakteria hao si mfano wa kubuni. Mwaka 1966 Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana alichukua sampuli katika hifadhi ya Yellowstone, nchini Marekani, akitaka tu kujua ni viumbe gani wanaoweza kuishi kwenye joto la namna hiyo. Kimeng'enya (enzaimu) cha bakteria mmojawapo, kwa kuwa hakiharibiwi na joto, ndicho baadaye kilichorahisisha PCR, mbinu ya kunakili vinasaba ambayo dunia nzima iliitegemea kupima UVIKO-19. Kampuni inayodaiwa faida na wenye hisa kila mwaka isingeweza kugharamia udadisi wa aina hiyo, na hapa watetezi wa fedha za umma wana hoja nzito.

Hata hivyo, wakosoaji nao wana lao. PCR yenyewe ilibuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis, mwajiriwa wa kampuni binafsi ya Cetus, na hataza zake, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi huo, ziliuzwa kwa kampuni ya Roche mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Isitoshe, kumtaja Brock pekee ni kuhesabu mshindi baada ya mechi kwisha, kwani tafiti nyingi huishia kwenye majarida ya kitaaluma ambayo mlipakodi aliyezigharamia hawezi hata kuyasoma bila kulipa tena.

Kwa maoni yangu, wakosoaji hao wanaona uvumbuzi mkubwa tu na kusahau kwamba chuo cha umma ni mlango ambao mwananchi anaweza kuubisha. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin alifika katika maabara ya Karl Paul Link, kwenye chuo kikuu cha jimbo hilo, akiwa amebeba ng'ombe aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa majani ya malisho yaliyoharibika. Ilichukua miaka sita kuitenga kemikali iliyokuwa ikiwaua mifugo. Kutokana nayo ikapatikana warfarini, iliyoanza kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuja kuwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kwangu, basi, mgogoro hasa uko kwenye masharti ambayo kwayo maarifa hutoka chuoni. Tangu mwaka 1980, sheria ya Bayh-Dole ya Marekani inaviruhusu vyuo kumiliki hataza za utafiti uliogharamiwa na serikali kuu. Wanaoiunga mkono husema, na si bure, kwamba bila hataza hakuna kampuni itakayokubali kubeba gharama za majaribio ya dawa kwa wagonjwa. Lakini Xtandi, dawa ya saratani ya tezi dume iliyotokana na utafiti wa UCLA, chuo kikuu cha umma cha jimbo la California, ilifikia bei rasmi ya zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani, huku ikiuzwa kwa bei ya chini mno katika nchi nyingine tajiri. Wagonjwa walipoiomba serikali itumie mamlaka inayopewa na sheria hiyo kuingilia kati na kuruhusu kampuni nyingine kuitengeneza, ombi lao lilikataliwa mwaka 2023. Na mamlaka hayo hayakuwa yametumika hata mara moja tangu sheria ipitishwe. Kwa hiyo sharti la bei linapaswa kuandikwa ndani ya mkataba wa leseni, yaani ule unaoipa kampuni haki ya kutumia hataza ya chuo, kabla haujatiwa saini, wakati chuo bado kina sauti, hata kama baadhi ya kampuni zitajitoa kwa sababu hiyo.