Acheni Kung'oa Injini za Peugeot 504

Mtu akisikia kwamba nafufua Peugeot 504 uani kwangu, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Umeiwekea injini gani?" Siulizwi kama ile iliyokuja nayo ingali hai. Tumeshakubaliana, bila hata kujadiliana, kwamba Pijo ya zamani ikitaka kurudi barabarani lazima iazime injini ya Toyota au ya Nissan. Napinga wazo hilo, na nalipinga kwa nguvu, kwa sababu naona magari mazuri yakiharibiwa na watu wanaoyapenda.

Tukumbuke kwanza ni gari gani tunalizungumzia. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatunukiwa taji la Gari la Mwaka la Ulaya. Huku kwetu Kenya ilirithi jina ambalo kaka yake, Peugeot 404, alikuwa amelijenga kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally. 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano, na mara zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff ndio waliotangulia, wakiwa ndani ya 404. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanganyika ya zamani. 504 nayo ikachukua zamu yake mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Jean-Pierre Nicolas alirudia mwaka 1978, ingawa ile yake ilikuwa kupe, yaani gari la milango miwili, yenye injini ya V6 ya silinda sita, kitu tofauti kabisa na gari la baba zetu.

Mashindano yalifanyika msimu wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimechachamaa. Injini dhaifu haikuweza kuyamudu matope yale. Halafu baada ya mashindano yakaja maisha ya kawaida: zile stesheni wagoni za safu tatu za viti ziligeuzwa matatu za masafa marefu, zikawa zinapandisha na kuteremka Bonde la Ufa kutwa, mizigo juu ya paa. Pikapu zake, ambazo nyingi ziliunganishwa pale Mombasa, zilibeba maziwa, viazi na miraa. Gari lililofanya kazi hiyo kwa miaka yote ile limepataje sifa ya kuwa na injini mbovu?

Jibu ni joto, na hapa naomba tuende polepole kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Injini ya 504 ina hedi, yaani kifuniko chake cha juu, ya alumini, juu ya bloku ya chuma, ambayo ndiyo mwili wa injini. Ndani ya bloku, silinda hazikutobolewa moja kwa moja kwenye chuma chenyewe. Kila pistoni inakimbia ndani ya slivu yake, yaani bomba la chuma linalochomoka, na maji ya kupoza yanaizunguka slivu hiyo na kuigusa. Muundo huu ni mzuri sana, lakini unadai jambo moja: maji yawe safi na yawe na dawa yake ya kuzuia kutu. Sisi tulifanya nini? Tuliyajaza magari hayo maji ya bomba, ya mtoni, ya mtaroni pale gari lilipochemsha njiani, tukaendelea hivyo miaka nenda miaka rudi. Maji ya namna hiyo huila alumini kidogo kidogo na kuacha tope la kutu chini ya slivu na ndani ya radieta. Kisha fundi akaitoa themostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, na kuitupa, kwa imani kwamba bila hiyo gari litapoa zaidi.

Kuna na feni. Peugeot waliweka feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni inazunguka bure, joto likipanda swichi inapeleka umeme, sumaku inaishika feni na kazi inaanza. Umeme huo hupitia kwenye brashi ndogo ya kaboni. Brashi ikiisha, au waya wake ukikatika, feni haishiki, na dereva hana habari mpaka aone mvuke kwenye boneti. Ni kifaa kidogo, na sidhani kama kuna kitu kingine kilichoua Peugeot nyingi kama hicho. Injini ikichemsha, hedi ya alumini inapinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inapasuka, maji yanaingia kwenye oili. Unachomoa kijiti cha kupimia oili unakuta kitu cheupe kama chai ya maziwa. Hapo ndipo wengi walipoambiwa, "Hii injini imekwisha, tutafute ya Toyota."

Haikuwa imekwisha. Injini hii ilibuniwa ifunguliwe. Kwa kuwa slivu zinachomoka, silinda zikilika huhitaji kuipeleka bloku kutobolewa upya. Unanunua seti ya slivu, pistoni na ringi zake zilizolingana, unatoa za zamani, unasafisha vikalio vyake mpaka chuma kinang'aa, unaweka mpira mpya wa chini na kushusha slivu mpya mahali pake. Hedi iliyopinda kidogo inapelekwa kwa fundi wa mashine akaisawazishe uso. Kazi hizi mtu anaweza kuzifanya uani, chini ya mabati, akiwa na spana nzuri, taa ya kuning'iniza na subira.

Kuna mahali pamoja panapowaangusha wengi, na nitapaeleza kwa sababu gereji nyingi zimesahau. Ukishaitoa hedi, usiizungushe krankshafti, ile shafti inayopandisha na kushusha pistoni. Slivu zinashikiliwa chini na mkazo wa hedi iliyofungwa. Hedi ikiondoka, pistoni ikipanda inaweza kuinyanyua slivu kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na ule mpira wa chini ukawa umeachia. Unafunga gasketi mpya, unakaza kila kitu sawasawa, unawasha, na baada ya wiki maji yamerudi kwenye oili. Lawama zinaangukia injini. Dawa yake ni rahisi: mara tu hedi inapotoka, chukua bolti mbili tatu ndefu na washa pana (zile pete bapa za chuma), zibane juu ya bloku ili washa hizo zizishike kingo za slivu. Na unapoweka slivu mpya, hakikisha kila moja imechomoza juu ya uso wa bloku kwa kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kipimo cha sehemu za mia za milimita. Vidole havitoshi hapo. Tafuta kifaa cha kupimia, au azima.

Yule mzee aliyenionyesha haya alifanya kazi na Peugeot tangu ujana wake. Anashika slivu mkononi, anaigeuza kwenye mwanga, anapitisha ukucha ndani kutafuta ngazi pale ringi ya juu inapoishia, kisha anasema inafaa au haifai. Mafundi wa aina yake wanapungua, na vijana wanaowafuata wamezoea injini za kupachika na kuchomoa. Ukibadilisha injini ya Pijo, fundi kama huyu hana la kufanya kwenye gari lako, na alichokijua hakipati mtu wa kukipokea. Kwangu hii ni sababu nzito kuliko zote. Ninapofungua injini hii jioni baada ya kazi, na mwanangu mkubwa ameshika taa, najua kuna ufundi unaohamia mikononi mwetu ambao hauuzwi dukani.

Sasa tuangalie anachofanya mtu anayetia injini ya kigeni. Injini ya 504 haikusimama wima. Imelazwa upande kwa nyuzi 45, na vishikizo vyake vimepangwa kufuata ulalo huo. Injini ya Kijapani ikiingia, vile vishikizo vinakatwa kwa gesi na vingine vinachomelewa. Giaboksi inafuata kuondoka, na pamoja nayo ule mkono wa gia wa kwenye usukani ambao ndio nusu ya raha ya kuendesha gari hili. Sakafu inatobolewa ili gia mpya ipande. Shafti inakatwa na kuungwa. Waya zinaongezwa juu ya waya. Uzito wa mbele unabadilika, na ule ulaini wa springi ambao watu bado wanausimulia unapotea. Kisha kuna karatasi: namba ya injini iliyo kwenye logbook, ile hati ya umiliki wa gari, haifanani na iliyo kwenye gari, na usipofuata utaratibu wa kuibadilisha, siku ya kuuza utahangaika. Injini mbovu hutengenezeka, lakini bodi iliyokatwa hivyo kuirudisha ni kazi ambayo wachache wataianza.

Najua wapo watakaosema ni rahisi kwangu kusema haya, gari si la kunilisha. Ni kweli. Mkulima wa Ol Kalou ambaye pikapu yake ndiyo inayompeleka sokoni kabla ya alfajiri hana muda wa kusubiri slivu kutoka ng'ambo. Akitia injini anayoweza kupata spea zake pale pale mjini, simlaumu hata kidogo. Gari lake ni jembe lake. Nazungumza na sisi tunaosema tunafufua gari la zamani kwa mapenzi, tunaotumia jioni na Jumamosi zetu kwa hiari. Sisi tuna muda. Basi tuutumie kufanya kazi yenyewe.

Tukumbuke pia sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Maana yake 504 zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Hakuna meli itakayotuletea nyingine. Kila moja inayokatwakatwa, au kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, inapunguza hesabu ambayo haiongezeki.

Kuhusu spea, hali si mbaya kama inavyosemwa. 504 iliendelea kuundwa Argentina hadi 1999, na kiwanda cha Kaduna, Nigeria, kiliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000, kwa hiyo vipuri vilitengenezwa muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuachana nayo. Kirinyaga Road mjini Nairobi bado kuna maduka ambayo ukiingia na kitu cha zamani mkononi, mzee wa nyuma ya kaunta anakitambua kabla hujafungua mdomo. Ila mipira ya slivu kagua mwenyewe. Niliwahi kuuziwa migumu kama plastiki, imekaa rafuni hadi imekauka. Ukiukunja mpira ukaona nyufa ndogo, urudishe.

Rangi iwe ya mwisho. Kutu kwanza: angalia vizingiti vya milango, sakafu chini ya mazulia, na pale juu shokapu za mbele zinaposhikana na bodi, kwa maana pakioza hapo gari si salama hata ling'ae vipi. Magari ya pwani yameliwa zaidi na chumvi. Ukitafuta la kuanza nalo, tafuta bara, Nanyuki au Nakuru. Breki zifuate, kisha mfumo wa maji, kisha injini yenyewe.

Kama una 504 iliyokaa uani kwa sababu mtu alikwambia injini imekufa, fanya haya wikendi hii kabla hujamwita mwenye winchi. Injini ikiwa baridi, toa plagi zote nne, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale, kisha jaribu kuizungusha polepole kwa spana. Hedi ikiwa bado imefungwa hakuna ubaya. Ikizunguka, mwaga maji ya zamani na uangalie rangi yake, chomoa kijiti cha oili, kisha pima kama umeme unaifikia feni. Ukitoka hapo utajua cha kununua, na mara nyingi orodha huwa ni fupi: gasketi, mipira ya slivu, themostati, kulanti (yale maji ya kupoza yenye dawa ya kutu) na ile brashi ya kaboni ya feni.