Wazamiaji Karibuni, Ila Mboga Napima

Jirani yangu mmoja hapa Ilomba, jijini Mbeya, amenipa jina la Mama Mgahawa. Anasema kwa mzaha, lakini mzaha wenye mwiba, maana anaona vijana wa sare za shule wanavyoingia kwangu jioni, shikamoo zikifuatana mlangoni, na anaona wanavyotoka wakiwa wameshiba na kutulia. Nina wawili wa sekondari, wa kiume na wa kike, na kila mmoja ana kundi lake. Jirani anadhani kuna hela mahali imefichwa. Haipo. Baba yao ni seremala, mimi nashona, na tarehe 20 ikishapita kila mtu humu ndani anajua tumefika wapi.

Hawa watoto wanakula, hilo silikatai. Kijana wa kiume wa miaka 16 anayekua, anayetembea kwenda na kurudi shule na bado jioni anacheza mpira, anaweza kumshinda baba yake sahani, na siyo ulafi. Ni mwili unajenga. Ila nimewasikia wazazi wengi wakilalamika kwamba matumbo haya yanawafilisi, na mimi nasema hapana, kinachotufilisi ni aibu. Akija mgeni, hata awe mvulana wa kidato cha tatu mwenye ndevu tano, tunaona lazima apikiwe wali, iletwe nyama, soda itoke dukani. Tukishindwa hivyo vitatu tunamwita mtoto wetu pembeni: waambie wenzako wasije muda wa kula. Kande zipo jikoni, zimeiva, tunazifunika.

Mimi kande zangu sifuniki.

Na kwa kuwa nimezitaja, tukae hapo kidogo. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vikipikwa pamoja ni chakula kamili kuliko tunavyokipa heshima: kile ambacho protini ya mahindi inapungukiwa, maharage yanacho, na yale yanayopungua kwenye maharage yanapatikana kwenye mahindi. Wazee hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Tatizo la kande kwa Mbeya ni moto. Jiji letu liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, hayafiki 100. Wifi yangu wa Dar es Salaam kila akija hulaumu maharage yetu kwamba ni magumu. Maharage hayana kosa, yanachemka kwenye maji ambayo hayana moto wa Dar. Kwa hiyo huku kuloweka usiku siyo hiari. Naloweka vyote, asubuhi namwaga yale maji, natia mapya. Magadi siweki, au naweka kwa kudokoa tu, kwa sababu yanalainisha upesi lakini yanaharibu vitamini B, na mimi nalisha watu wanaokua.

Halafu kuna suala la nishati. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi naunga mkono kabisa, macho yangu yamechoka na moshi. Lakini sufuria kubwa ya kande kwenye mtungi mdogo wa gesi, bila kuloweka na bila mfuniko, ni kuchoma hela kwa kiberiti. Hela yangu ya mchezo ilipofika zamu nilinunua sufuria ya presha badala ya vikombe vya kabatini. Wenzangu wa mchezo walicheka. Ile presha ndani inapandisha joto la maji kupita kile kipimo chetu cha mlimani, na maharage yanasalimu amri.

Zikishaiva nakaanga kitunguu kingi mpaka kikaribie kuwa kahawia, nyanya, karoti ikiwepo, namwagia juu, kisha karanga zilizotwangwa. Viazi mviringo viwili vitatu vilivyokatwa vidogo vinafanya rojo iwe nzito. Pembeni parachichi, msimu wake ukiwepo. Zile za Hass kutoka Rungwe na Njombe zina wateja wake wa ng'ambo, wacha ziende, sisi tunataka yale makubwa ya kienyeji yanayouzwa kwa fungu barabarani. Kijana akila bakuli la hizo kande na nusu parachichi, saa mbili usiku hutamsikia akifungua kabati.

Wali? Wali ni Jumapili. Mchele wa Kyela ukiwa jikoni unanukia mpaka kwa balozi, na hapo ndipo unapata wazamiaji ambao hata mtoto wako hawajui majina.

Siku nyingine ni ugali, na hapa nina ugomvi na vijana wangu wenyewe. Wanataka sembe, nyeupe pe, wanasema dona ni ugali wa bwenini. Mimi naona ni kichekesho: tunabeba mahindi mpaka mashineni, tunalipa hela ili tuondolewe kiini na ganda, vyenye mafuta na vitamini, tunaiacha pumba pale inakwenda kwa nguruwe, tunarudi nyumbani na mfuko uliopungua. Nguruwe wa Mbeya wanakula vizuri sana. Suluhu tuliyofikia ni kuchanganya nusu kwa nusu, na hakuna tena anayelalamika, au wanalalamika nikiwa sipo. Dona nasagisha kidogo kidogo, ya wiki mbili, kwa sababu yale mafuta ya kiini yakikaa sana unga unaanza kuchacha.

Sasa utaratibu wa mezani. Ugali sipimi. Unakaa katikati, kila mtu anajimegea mpaka mkono wake uchoke. Mboga napima, kila mtu na bakuli lake, na bakuli la mgeni halizidi wala halipungui la mwenyeji. Ukiweka mboga katikati pamoja na ugali, wenye mikono miepesi wanamaliza nyama na wapole wanachovya mchuzi, wakati wapole ndio mara nyingi waliokuja na njaa ya kweli.

Nyama yenyewe ni ya mara moja kwa wiki. Nusu kilo, vipande vidogo, inaingia kwenye sufuria ya ndizi za Tukuyu, na ndizi zinabeba ladha yote ile. Katikati ya wiki ni maharage, majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na usipa, dagaa wetu wa Kyela. Usipa ndio nyama ya bei rahisi kuliko zote tulizonazo, tena wanaliwa na mifupa yao, ndiyo madini yenyewe ya mifupa. Nawakaanga wakauke, ndipo kitunguu na nyanya vifuate. Ukiwatia mchuzi mapema wanalegea na kutoa shombo, na hapo ndipo watoto wanapoanza kusema hawapendi dagaa.

Kwa nini nashikilia mboga hivi wakati ningeweza kushindilia ugali tu na wakashiba? Kwa sababu hii mikoa yetu ina aibu nyingine kubwa ambayo hatuioni tunapojisifu kwamba tunalisha nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ukiwa asilimia 30 nchi nzima. Iringa ulivuka nusu ya watoto, Njombe na Rukwa ukawa nusu hivi. Iringa! Mahindi yapo, maharage yapo, maziwa yapo, yanapandishwa kwenye malori yanateremka kwenda Dar, na nyumbani kinabaki ugali na chumvi ya mchuzi. Wale wa utafiti ni watoto wadogo, lakini wanakua, na baada ya miaka kumi ndio hawa wanaogonga geti langu wakiwa na njaa.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi, nalo ni wasichana. Wavulana wakija wanaketi sebuleni wanasubiri. Wasichana wakija wanaingia jikoni kunisaidia, na wakati wa kula wanakula mwisho, kipande kidogo, wakisema wameshiba. Binti aliyeanza kuona siku zake anapoteza damu kila mwezi, mwili wake unataka madini ya chuma kuliko kaka yake. Sasa kwangu wasichana wanapakuliwa kwanza. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini, nikamjibu kwa sababu mimi ndiye ninayepakua. Na chai ya rangi nimeiondoa kwenye mlo. Najua Juni na Julai huku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na mkono unatafuta kikombe, lakini chai juu ya maharage inazuia mwili kuyapata yale madini. Chai tunakunywa baadaye. Mezani kuna limao la kukamulia mboga, ambalo linafanya kazi ya kinyume chake.

Na wavulana hawasubiri tena sebuleni. Anayekuja kula anakuta beseni la viazi na kisu. Wa kwanza kuletewa kisu alinitazama akidhani namtania, siku hizi anamenya ganda jembamba kuliko binti yangu. Vyombo wanaosha wao, kwa zamu wanayopanga wenyewe, na wanavyosutana humo ndani kuhusu nani kakwepa zamu, mimi sihitaji kuingilia.

Jirani yangu ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Anasema, unafuga watoto wa watu, wazazi wao wanatulia. Kweli, wapo wanaotulia. Ila mimi kijana wa watu simuulizi kama kwao wamepika. Hilo ni swali la kumdhalilisha, maana atasema ndiyo hata kama hapana. Wengine wanakuja kwa sababu ya stori na mpira wa kwenye redio, wengine wanakuja kwa sababu kwao jiko halijawashwa, na siwezi kuwatofautisha kwa sura. Kuna mmoja aliyekuwa akila kimya na kuosha vyombo hata siku isiyo zamu yake. Likizo ilipoisha akaja na ndoo ya viazi begani, bibi yake analima Isyonje. Aliiweka mlangoni akasema, "Mama, bibi anasema ndaga," yaani asante kwa lugha ya huku. Sijawahi kumuuliza chochote, na sitamuuliza.

Siku ambazo hakuna, nasema hakuna. Januari ni mwezi wa sare na madaftari, na mahindi sokoni yanakuwa yamepanda kwa kuwa mapya bado yako shambani. Naweka uji wa soya na karanga, natangaza mlangoni kabisa: leo ni uji. Hakuna aliyewahi kugeuza. Wanaopata shida na uji ni watu wazima.

Lakini tuseme na lile la shule, maana njaa ya saa kumi inaanzia huko. Elimu bila ada ilipoanza 2016 wengi tulielewa kwamba hatudaiwi kitu tena, wakati chakula cha mchana kwenye shule za kutwa kimebaki mikononi mwetu wazazi. Kikao kinaitwa, tunakubaliana mahindi kiasi fulani na maharage kiasi fulani kwa kila mtoto, halafu nusu ya ukumbi haileti. Mtoto anatoka nyumbani na chai kavu, anakaa darasani mpaka alasiri, akiwa na hela anakimbilia zege, na hela ya sahani hiyo moja ya chipsi mayai ingenunua maharage ya kulisha meza nzima. Asiye na hela anakuja kwangu. Kwa mzazi mwenye shamba, mchango ule ni madebe machache ya mahindi kwa mwaka. Unayeacha kupeleka siyo kwamba umeokoa kitu, umenihamishia mimi. Sikasiriki na wasio nacho, nawajua. Nakasirika na wenye gunia kumi ghalani wanaosimama kikaoni kusema hali ni ngumu.

Mimi stoo yangu naijaza kuanzia Juni mpaka Agosti, mahindi yakishakauka na wakulima wakiwa na haraka ya hela. Nanunua gunia la debe sita, natandaza kwenye turubai juani mpaka punje ikilia kavu mkononi, naweka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Dumuzi akiwa ndani anakosa pumzi na kufa, na sihitaji dawa. Mfuko ni ghali kuliko kiroba cha kawaida lakini unatumika tena msimu unaofuata, mradi panya wasiutoboe. Maharage nachagua ya njano, yale yanayoiva upesi. Kituo cha utafiti cha hapo Uyole kimetupa mbegu nzuri za maharage, ikiwemo hiyo ya Njano Uyole, na kwa mtu anayehesabu mkaa tofauti yake inaonekana.

Kwa hiyo mwenye gunia la maharage ya njano kwa bei ya shambani, kuanzia Mbalizi mpaka Igawilo, ajue mnunuzi yupo na analipa taslimu. Kubeba asijali. Wabebaji ninao, tena wanakuja wenyewe saa kumi.